Mkia Usioguswa na Chokaa

Sura ya Sita

Mpelelezi Zenaide Brum wa polisi wa mazingira alikuwa na goti moja bovu na subira fupi, na asubuhi ile vyote viwili vilikuwa vinajaribiwa. Alikuwa amechuchumaa katikati ya makaburi ya kijiji cha Linha Figueira, mbele ya gunia lililopasuliwa. Ndani ya gunia alilala dume la bugio, yule kima mwekundu mwenye koo nene ambaye akinguruma alfajiri husikika hadi bonde la pili. Huyu hangenguruma tena. Alikuwa mweupe kwa chokaa tangu kidevuni hadi magotini.

"Nani kamwona?" aliuliza.

"Mchimba kaburi, afande," alijibu Sajini Odilon, aliyesimama nyuma yake akitafuna mkate wenye soseji. "Kaja kumalizia kuchimba, kakuta kaburi lina mgeni."

"Na daktari wa mifugo amesema nini?"

"Homa ya manjano. Kadunga sindano moja, kachomoa kipande cha ini, kakitia kwenye barafu, kaondoka mbio kama kafukuzwa na nyuki. Majibu kutoka mji mkuu wiki ijayo."

"Na hivi vidonda vya viganjani?"

"Chokaa, anasema. Chokaa inaunguza."

"Hivyo ndivyo alivyosema, au ndivyo alivyoona?"

"Viganja aliviona akiwa tayari getini, afande."

Zenaide aliguna. Wiki ijayo ingekuwa imechelewa sana. Tayari neno homa lilikuwa limeshuka kilimani mbele ya daktari mwenyewe, likaingia kila jiko. Bugio wa kwanza, jike, alikuwa ameokotwa kijitoni karibu wiki mbili kabla, ameshaliwa na tumbusi kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema amekufa kwa nini. Sasa huyu wa pili. Walibaki watano katika kipande cha msitu nyuma ya shamba la Gilmar Kunrath, na Gilmar alikuwa ametangaza kwamba saa tisa alasiri wanaume wakutane ukumbi wa kanisa na bunduki zao, waimalize kazi.

Watu wa pale hawakuwa wabaya. Waliogopa tu. Mke wa Gilmar, Rosane, alikuwa na mimba ya miezi minane. Daktari wake alikuwa amemnyima chanjo ya homa ya manjano kwa sababu ya mimba hiyo, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na msitu.

"Kima hamwambukizi mtu," Zenaide alisema, kana kwamba Odilon ndiye mwenye bunduki. "Mbu wa msituni humuuma kima, humuuma na mtu. Kima anakufa wa kwanza, basi. Ukimwua umezima king'ora, moto umeuacha."

"Mimi najua, afande. Nenda kamwambie Gilmar."

"Nitamwambia. Ila kama ni homa kweli, hata nikimwambia nini, huyo mama anatakiwa aondoke leo leo. Na kama siyo homa, nataka kujua ni nini kabla ya saa tisa. Kaa mbali kidogo. Ukinidondoshea makombo kwenye ushahidi nitakuandika wewe ndiye uliyemuua."

Odilon alirudi hatua mbili bila kuacha kutafuna.

Zenaide alivaa glovu, akaanza na gunia. Lilikuwa gunia la chumvi ya mawe, na lilinuka maziwa yaliyochacha. Alilinusa mara ya pili kuhakikisha. Kisha akamgeuza bugio taratibu. Mgongoni, manyoya yalikuwa yameshikana kwa kitu chekundu. Odilon alidhani damu. Zenaide alikisugua kati ya vidole, akakuta mbegu ndogo ngumu.

"Mapera," alisema. "Mapera yaliyoiva. Wewe ulishawahi kuona kima anayekula kwa mgongo?"

"Labda alilalia."

"Bugio halali chini. Hata kushuka kunywa maji anaona tabu. Huyu amelazwa chali kwenye mapera yaliyodondoka, na aliyemlaza hakuwa na gunia. Gunia limekuja baadaye."

Kwenye kifundo cha mguu wa kulia, chini ya manyoya, palikuwa na kipande cha uzi wa katani uliofungwa fundo la haraka na kukatwa kwa kisu. Kila mtu katika milima ile aliujua uzi ule. Ndio unaotumika kufungia majani ya tumbaku kwenye fito kabla hayajaingizwa bandani kukaushwa.

"Jibini, mapera, tumbaku," Zenaide alihesabu kwa kidole, kutoka nje kwenda ndani. "Odilon, huyu kima akiwa maiti ametembea kuliko mimi nikiwa mzima."

"Kwa hiyo hakufia hapa."

"Hakufia hapa wala hapo kabla ya hapa. Nani huku anatengeneza jibini?"

"Mama Hedi Lamberty. Nyumba ya chini ya makaburi."

"Mapera?"

"Mzee Albino Hartz, mwenyekiti wa sherehe ya kanisa. Kapakana na mama Hedi. Ila tumbaku, afande, kila mtu analima."

"Kila mtu, sawa. Na nani kapakana na Albino kwa upande wa pili?"

Odilon aliacha kutafuna. "Gilmar Kunrath."

Mkia ulikuwa bado. Ulikuwa umekunjwa chini ya tumbo, na chokaa iliyomwagwa kwa juu haikuufikia kabisa. Zenaide aliuvuta nje, mrefu kama mwili wenyewe, akaugeuza ncha. Bugio ana sehemu ya ngozi tupu pale nchani, upande wa chini, yenye mistari kama kiganja. Ndiyo anayoshikia tawi huku mikono ikichuma majani. Kwenye ngozi ile palikuwa na shimo la duara, dogo, kingo zake ngumu na nyeusi, na manyoya ya pembeni yamejikunja kama yaliyopitishwa juu ya mshumaa.

Alilitazama shimo lile kwa muda mrefu. Kisha akarudi kwenye viganja, akafuta chokaa kwa kitambaa chenye mafuta. Katikati ya kiganja cha kulia, chini ya uharibifu wote wa chokaa, palikuwa na shimo jingine la duara.

"Sajini, chokaa ina miguu?"

"Hapana, afande."

"Basi haikuzunguka kwenda kumuunguza mkia. Nipe mkono niinuke."

Je, kulikuwa na waya wa umeme uliopita juu ya makaburi? Alitazama juu. Hakukuwa na hata nguzo moja. Pale walizikana kwa mwanga wa jua.

*

Nyumba ya Kunrath ilikuwa imefungwa kama zawadi. Kila dirisha lilikuwa limezibwa kwa plastiki nyeusi na utepe wa gundi, na mlango ulikuwa na pazia mbili za chandarua. Ilikuwa Machi, na joto la mchana huo lilikuwa linawatoa mbwa kwenye vivuli vyao. Ndani ya nyumba lilikuwa kali zaidi.

Rosane alikuwa ameketi kwenye kiti cha kubembea, taulo lenye maji shingoni, miguu imevimba ndani ya beseni. Masanduku mawili yalisimama mlangoni.

"Karibu kwenye tanuri, afande," alisema. "Keti popote. Ukiungua, maji yako pale."

"Umekaa hivi tangu lini?"

"Tangu aokotwe yule jike. Gilmar haniruhusu hata kufungua dirisha la choo. Eti mbu. Usiku naota nimekuwa soseji." Alicheka, kisha kicheko kikakatika katikati na akafuta uso kwa taulo. "Mtoto naye kapunguza kucheza. Sijui ni joto, sijui ni nini. Siulizi."

Gilmar alitokea jikoni. Alikuwa kijana mpana, ndevu za siku kadhaa, macho mekundu ya mtu asiyelala. Bunduki ya baba yake ilikuwa mezani, imetiwa mafuta.

"Kama umekuja kunizuia, afande, umepoteza petroli."

"Nimekuja kukuuliza. Huyu bugio wa makaburini ulimwona wapi?"

"Sikumwona. Nimesikia tu kama wengine."

"Hukumwona kabisa?"

"Nimeshakwambia."

"Uzi wa katani unatumia wa rangi gani?"

"Uzi ni uzi. Wa katani." Alitazama pembeni. "Kila mtu anao."

"Kweli kabisa. Nisamehe, mimi ni mtu wa mjini." Zenaide alimgeukia Rosane. "Mwanangu, umeme wenu ukoje huku?"

"Umeme?" Rosane alishangaa. "Upo upo tu. Siku mbili tatu hizi feni imezima alfajiri nikadhani nakufa."

"Umeme huku hukatika ovyo," Gilmar aliingilia. "Kuna nini cha kuuliza? Mke wangu yuko hatarini, wewe unauliza feni?"

"Naam. Naenda zangu. Tutaonana saa tisa."

Akiwa nje, Zenaide alisimama uwanjani, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Kutoka kwenye nguzo ya getini hadi kwenye banda la tumbaku zilipita nyaya mbili, tupu, hazikuvikwa chochote. Upande mmoja wa uwanja ulikuwa msitu. Upande wa pili, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na mtini mkubwa wenye matunda. Katikati palikuwa na safu ya visiki vilivyokatwa si muda mrefu, bado vikitoa utomvu.

"Tumkamate sasa hivi?" Odilon alinong'ona.

"Kwa kosa gani? Kukata kuni? Twende ukumbini. Nataka wamwage siri wenyewe."

*

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umepambwa kwa karatasi za rangi, maana kesho yake ilikuwa sherehe ya mtakatifu msimamizi wa kanisa, yenye nyama ya kuchoma na mkate mtamu na mchezo wa kadi hadi jioni. Bunduki zilikuwa zimeegemezwa ukutani kama fimbo za wazee. Wanaume wachache walisubiri nje. Ndani, Zenaide aliwaomba watu watatu tu wakae naye: mzee Albino, mama Hedi na Gilmar.

"Kabla ya yote," alisema, "mbona hamnipi mate, ile chai yenu chungu? Nimetoka mbali."

Hilo hakuna mtu wa milima ile angeweza kulikataa. Mama Hedi, mwanamke mnene mwenye aproni yenye unga, alijaza kibuyu majani ya mate, akamimina maji ya moto, akanywa cha kwanza kichungu yeye mwenyewe kama inavyopasa, kisha kibuyu kikaanza kuzunguka. Kila mmoja hukinywa hadi bomba la kunyonyea likorome, humrudishia mpikaji, naye hukijaza na kumpa anayefuata kulia. Mtu akikirudisha kimya, anataka zamu nyingine. Akisema asante, amejitoa.

Albino alikunywa akarudisha kimya. Zenaide alikunywa akarudisha kimya. Gilmar alikunywa mara moja, haraka, akasema, "Asante."

"Ala! Wewe?" mama Hedi alimshangaa. "Unaumwa?"

"Nina haraka."

Zenaide alitazama saa kubwa ya umeme iliyokuwa ukutani, kisha ya mkononi mwake.

"Mzee Albino, saa yenu inasema bado saa nane na robo. Yangu inasema saa tisa na dakika tano."

"Haiwezekani," Albino alisema kwa uchungu wa mtu aliyetukaniwa mtoto. Alikuwa mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. "Saa hiyo nairekebisha mimi mwenyewe kila Jumapili baada ya kengele. Jumapili nimeiacha sawasawa."

"Saa ya umeme husimama umeme ukikatika."

"Ah, basi ni ile Jumatano alfajiri. Umeme ulikata karibu saa nzima."

"Kulikuwa na mvua?"

"Mvua wapi! Anga jeupe."

"Na wiki ya kabla ya hapo?"

Albino alifikiri. "Hata wiki ile niliikuta imebaki nyuma. Niliilaumu saa."

Zenaide alipokea kibuyu, akanywa taratibu. "Mama Hedi, wewe Jumatano uliamka saa ngapi?"

"Mimi huamka na ng'ombe."

"Na ulimkuta wapi yule bugio?"

Mama Hedi aliinamisha birika pasipo na kibuyu chini yake. Maji yalimwagika kwenye aproni.

"Bugio gani tena?"

"Aliyekuwa kwenye gunia lako la chumvi. Linanuka jibini, mama, mpaka Odilon aliona njaa."

"Afande, mimi kila saa naona njaa," Odilon alisema mlangoni.

Mama Hedi aliweka birika chini. Alimtazama Albino, akatazama dari, kisha akaamua. "Haya. Alikuwa nyuma ya zizi langu, amekaa kama mtu anayesubiri basi! Nilipiga yowe kuku wakaacha kutaga. Nikasema, wakija watu wa afya wakamkuta hapa watapulizia dawa zizi zima, na jibini langu lote la sherehe litatupwa. Nani atanunua jibini la Hedi tena? Nikamtia guniani, nikampeleka kwa wafu. Wale hawauzi kitu. Na chokaa nikammwagia kwa heshima, kama Mkristo."

"Wewe ulidhani nani kamleta zizini?"

"Nilidhani kafa hapo hapo!"

"Kwa mgongo wenye mapera? Wewe una mpera?"

Kibuyu kilikuwa mikononi mwa mzee Albino, na mtu mwenye kibuyu hawezi kusimama na kuondoka. Alinyonya bomba muda mrefu baada ya maji kwisha, likakoroma na kukoroma.

"Mzee Albino, maji yamekwisha," Zenaide alimkumbusha.

"Nina sherehe kesho," Albino alisema hatimaye, sauti ndogo. "Nimenunua nyama. Nimealika bendi. Asubuhi nakuta kima chini ya mpera wangu, amekufa, macho wazi. Wangefunga ukumbi! Nikamsukuma kwa toroli hadi kwa Hedi. Nilijua Hedi ana akili, atajua la kufanya."

"Albino Hartz!" mama Hedi aliinuka na birika. "Miaka yote nakupa jibini bure wakati wa Pasaka, leo unaniletea maiti mlangoni?"

"Ilikuwa zizini, si mlangoni."

"Heri ungeniletea mkeo!"

Hata Odilon alicheka. Zenaide aliinua mkono. Alikuwa bado na mtu mmoja, na mtu huyo hakucheka.

"Gilmar," alisema kwa upole, "mguuni alikuwa na uzi wa katani. Ulimfunga ili umburute, si ndiyo? Hukutaka kumgusa."

Gilmar aliinamisha kichwa. Mikono yake mikubwa ilikuwa imeshikana magotini.

"Sikumuua."

"Najua."

"Wala yule jike sikumuua. Nilimkuta vilevile, nikamtupa kijitoni." Alivuta pumzi. "Rosane alikuwa amelala. Kama angeamka na kumwona kima amekufa uwanjani kwake, afande, hali yake ile... Hawakuwa na jeraha. Hakuna risasi, hakuna meno ya mbwa. Nikajua ni homa. Nikajua imefika kwangu. Nilichotaka ni yeye asione. Nikamvuta hadi kwa mzee Albino, nikarudi, nikaongeza utepe kwenye madirisha."

"Ulimwokota wapi hasa uwanjani?"

"Getini. Karibu na nguzo."

"Chini ya nyaya?"

"Ndiyo, chini ya..." Alisita. Alimtazama Zenaide, kisha saa ya ukutani iliyokuwa imebaki nyuma, kisha tena Zenaide. "Kwa nini unauliza nyaya?"

"Simama twende. Na nyinyi wawili mje. Bunduki ziache hapo hapo, zimependeza ukutani."

*

Walisimama chini ya nguzo ya getini, wote, na wale wanaume wa nje nao walikuwa wamefuata. Odilon alipanda ngazi ya banda la tumbaku na darubini shingoni, akilalamika kwamba ngazi ilitengenezwa kwa ajili ya watu wembamba.

"Soma," Zenaide alimwambia.

"Waya wa juu una nywele, afande. Nyekundu. Zimegandia. Na huu wa chini una alama nyeusi."

Zenaide aliwafunulia mkia wa bugio, uliokuwa ndani ya mfuko wa ushahidi, akawaonyesha lile shimo la duara kwenye ngozi tupu.

"Bugio hujishika kwa mkia kabla hajaachia mkono," alisema. "Ameshika waya wa juu kwa mkia, akanyoosha mkono kushika wa chini. Umeme umeingia huku, ukatokea kule. Fyuzi imekatika, feni ya Rosane imezima, saa ya mzee Albino imesimama. Hana jeraha lolote isipokuwa kwenye ngozi ya mkia na kiganja, na kiganja mama Hedi alikimwagia chokaa. Jike alikufa hivyo hivyo wiki ya kabla. Fyuzi mbili, kima wawili."

"Lakini hawajawahi kupita kwenye nyaya," Albino alisema. "Tangu utoto wangu wanakwenda kula tini pale ng'ambo, hawajawahi."

"Walikuwa wanapita wapi?"

Wote walitazama visiki. Gilmar ndiye aliyeinama, akagusa kimoja kwa mkono.

"Niliikata miti hii mwezi uliopita," alisema. "Kuni za kukaushia tumbaku." Alifuta utomvu kwenye suruali. "Kwa hiyo siyo homa."

"Maabara itasema la mwisho, na chandarua mkiache hadi hapo. Lakini mimi nimefanya kazi hii muda mrefu. Hawa wawili hawakufa kwa homa. Na jibu lilikuwa uwanjani kwako tangu siku ya kwanza. Wewe ndiye uliyelivuta kwa kamba ukalipeleka kwa jirani."

Gilmar alikaa juu ya kisiki. Mabega yake yalianza kutikisika, na kwa muda hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Alikuwa anafanya vyote viwili. Mama Hedi alikwenda akamshika kichwa, akamfutia pua kwa aproni yenye unga, akamwacha na uso mweupe.

Majibu yalipokuja wiki iliyofuata yalisema vilevile: hakuna homa. Lakini siku hiyo hakuna aliyengoja majibu. Zenaide aliwaambia waliobeba mzoga kwamba kuficha kima aliyekufa ni kosa, kwamba kama ingekuwa homa kweli wangekuwa wameua watu, na kwamba angewaandikia onyo wote watatu. Aliwaambia pia kwamba shirika la umeme lingepelekewa barua ya kuvika nyaya zile, na kwamba mpaka livike, angependa kuona kamba nene ikipita kutoka msituni hadi kwenye mtini. Albino alisema anazo kamba za hema la sherehe. Wale waliokuja kuua bugio ndio waliopanda kuzifunga, wakibishana juu ya mafundo.

Gilmar hakubaki kutazama. Alikwenda moja kwa moja nyumbani, akapita kwenye pazia mbili za chandarua bila kusema neno, akashika utepe wa gundi kwenye dirisha la sebuleni, akauvuta. Plastiki nyeusi ilianguka. Waya mwembamba wa kuzuia mbu ulikuwa bado mahali pake, na upepo ukapita ndani yake.

"Gilmar? Unafanya nini?" Rosane aliuliza.

Alibandua dirisha la pili. La chumbani. La jikoni. La choo. Aliporudi, mikono imejaa gundi, alipiga magoti mbele ya beseni, akamweleza yote, visiki na uzi na toroli na saa, bila kujitetea hata kidogo. Zenaide, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliona Rosane akisikiliza mpaka mwisho. Kisha Rosane akainua mguu kutoka kwenye beseni akamsukuma mumewe kifuani, mwanamume akaanguka chali, maji yakamlowesha.

"Wiki mbili!" alisema. "Wiki mbili unanipika, na maiti unajua ilipokuwa!"

"Nilitaka usiogope."

"Sasa nimeogopa kiasi gani, mpumbavu wewe!" Lakini tayari alikuwa analia kwa furaha, na mkono mmoja aliuweka tumboni, akanyamaza ghafla. "Subiri. Subiri, nipe mkono. Hapa. Unasikia? Anacheza. Mshenzi huyu, alikuwa amenuna kwa joto."

Nje, kutoka kipande cha msitu, ngurumo ilianza, nzito, ikipanda polepole kama lori linalopanda mlima. Wale watano walikuwa wameona watu kwenye miti yao na walikuwa wanawatukana. Odilon aliziba masikio. Gilmar, sakafuni, akainua kichwa kwa mazoea ya wiki mbili na kutazama dirisha.

"Nifunge?" aliuliza.

"Thubutu," Rosane alisema. "Waache wapige kelele."